Mzigo Uliorudishwa

Mchezaji wa besiboli akirudi nyumbani saa tisa alasiri siku ya mechi, ama ameumia ama ameuzwa. Nadine Klemm alikuwa anapiga pasi gauni la mtoto aliposikia gari la mumewe likizimwa chini. Akatazama saa ya ukutani, akachomoa pasi. Dorsey alipanda ngazi na mfuko mweusi wa takataka begani. Ndani yake mlikuwa na glavu mbili, viatu vya njumu, ndala za bafuni na mswaki. Vijana wa kutunza nguo walikuwa wamemfungashia kila kitu kabla hata hajaambiwa.

"Wapi?" Nadine akauliza.

"Nebraska."

"Lini?"

"Wamenipa saa sabini na mbili niwe nimeripoti."

"Wamekubadilisha na nani?"

"Kijana mmoja wa Venezuela, anaitwa Urdaneta. Anacheza kati. Klabu kubwa wanamhitaji, yule wao amevunjika kidole." Dorsey akakaa kwenye mkono wa kochi. "Mmoja kwa mmoja. Hawakuniongezea hata ndoo ya mipira."

Ilikuwa Jumatatu, Julai ishirini na tisa, mwaka tisini na sita. Dirisha la kubadilishana wachezaji lingefungwa Jumatano usiku. Kila mwaka ni hivyo hivyo: juma la mwisho la Julai wanaume wazima wenye tai hujifungia na simu, wakabadilishana watu kama watoto wanavyobadilishana gololi. Aliye juu ya msimamo ananunua, aliye mkiani anauza. Magazeti huandika nani kapata na nani kapatikana. Hayaandiki nani kaacha sufuria jikoni.

Nadine hakumtazama usoni. Alikuwa anautazama mkono wa kulia, ambao Dorsey alikuwa ameulaza pajani kama kitu cha kuazima. Tangu Juni mkono ule haukuweza kuinua birika lililojaa. Dorsey alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpira mwenye gongo, na mkono ndio ulioleta mkate katika nyumba ile.

"Na kiwiko?"

"Kinafanyaje?"

"Dorsey, usinifanye mjinga. Huko wanakokupeleka wanajua?"

"Gus anajua." Gus Petrakis alikuwa daktari wa timu pale Port Ellery, mojawapo ya timu za chini za klabu kubwa ya ligi kuu. "Nilimwambia siku ile ile ya kwanza. Kanichoma sindano ya kuua maumivu mara tatu, na mara zote tatu kaniambia, rusha tu, kaka, uko sawa. Si ndiye anayeandika mafaili? Wakitaka kujua watasoma."

"Kwa hiyo imeandikwa."

"Mbona unaniuliza kama polisi? Imeandikwa."

Hapo ndipo walipokosea. Watu waliolelewa na klabu tangu wana miaka kumi na minane huamini kwamba ukiiambia klabu jambo, basi jambo hilo limeingia mahali fulani na litakaa humo.

*

Wake wa wachezaji wana desturi yao, ambayo haimo katika mkataba wowote. Mwenye nyumba anataka mkataba wa mwaka mzima, klabu inamhamisha mume kwa siku moja. Basi mke anayeondoka humwachia nyumba mke anayeingia: kodi, godoro, pazia la bafu, pamoja na habari za jirani yupi ni mbea. Wanawake hupigiana simu kabla waume zao hawajamaliza kuagwa.

Yusmary Urdaneta alifika Jumanne alasiri na masanduku mawili na chuma cha kuchomea mikate ya mahindi, alichokipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Mumewe, Wilmer, alikuwa ameshapelekwa moja kwa moja uwanjani.

"Dada, godoro hili lina shimo?"

"Lina. Upande wa kulia. Mlaze mwenzio huko, wewe lala huku."

Yusmary akacheka hadi akashika ukuta. "Na mwenye nyumba?"

"Bwana Sobczak. Akija kulalamikia muziki, mpe kahawa. Akija kulalamikia kahawa, funga mlango."

Wakabadilishana funguo mezani. Nadine alikuwa ameacha kazi asubuhi hiyo, kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, miaka mitatu, na daktari alimpa mkono na mswaki wa bure. Yusmary akamwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba jambo lenyewe lingeweza kusikia likakimbia, kwamba Wilmer angecheza Port Ellery wiki moja tu, kisha angepandishwa klabu kubwa. Ligi kuu. Miaka saba walikuwa wakiingoja siku hiyo.

"Nendeni salama," akasema. "Mungu awape na ninyi."

*

Waliendesha gari siku moja na nusu, mtoto wao Corinne akiwa amelala juu ya mablanketi kiti cha nyuma. Pale Nebraska mlinzi wa mlangoni alimpokea Dorsey kwa furaha, akamvalisha kofia mpya ya timu. Ndani, mtu alikuwa ameshabandika karatasi yenye jina KLEMM juu ya kabati. Kisha akapelekwa kwa daktari wao, akapigwa picha za mashine, akaambiwa asubiri.

Nadine na Corinne walisubiri naye ukumbini, kwenye viti vya plastiki, saa tatu nzima. Mlango wa daktari haukufungwa vizuri. Walisikia yote, daktari akizungumza na mmoja wa wakubwa wa klabu.

"Nani aliwaambia mkono huu ni mzima?"

"Karatasi zao zinasema hajawahi kuumwa hata mafua."

"Basi karatasi zao ni za kufungia samaki. Kano imechanika. Tazama hapa. Na hapa pamechomwa sindano, tena si moja."

"Dirisha limeshafungwa jana. Tumetoa mchezaji tukapewa hiki?"

"Rudisheni. Na mimi naandika barua makao makuu ya ligi leo leo."

Hiki. Nadine alilisikia neno lile, akamtazama mumewe kama naye kalisikia. Dorsey alikuwa anasoma tangazo la kizimamoto ukutani, mstari kwa mstari, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Hakuna aliyetoka kuwaeleza. Aliyekuja ni yule mlinzi wa mlangoni, mzee wa watu, uso umempwaya kwa haya.

"Samahani sana, kaka. Wamesema mmebatilishwa. Mnarudi mlikotoka." Akasita. "Na... samahani. Kofia."

Dorsey akaivua, akampa. Nywele zilikuwa zimesimama upande mmoja.

Walikuwa wameshafika barabara kuu Corinne alipouliza, "Mama, baba ni mbovu?"

Dorsey akacheka, kicheko kibaya, kikavu. Nadine akasimamisha gari kando, akashuka, akaupiga teke mlango wa gari lao wenyewe mpaka ukabonyea. Kisha akaingia, akawasha, wakaendelea. Hakuna aliyeutaja mlango ule tena.

*

Walifika Port Ellery Jumamosi mchana. Wangekwenda wapi? Wakapanda ngazi zao wenyewe, wakabisha hodi kwenye mlango wao wenyewe. Yusmary alifungua akiwa na mwiko mkononi na macho mekundu. Nyuma yake masanduku yalikuwa yamefungwa tena. Biashara ikivunjwa huvunjika pande zote mbili, na Wilmer naye alitakiwa Nebraska.

Wilmer aliinuka mezani kwa nguvu, kiti kikaanguka.

"Wewe! Ulijua! Ulijua mkono umekufa ukanyamaza!"

"Nani kakwambia?" Dorsey akauliza.

"Gazeti hili hapa! Bwana Thayer kasema mwenyewe! Klabu imedanganywa, mrushaji alificha maumivu yake!" Akalitupa gazeti kifuani kwa Dorsey. "Mama yangu Maracaibo amelipua fataki mtaa mzima. Mtaa mzima! Padri amekuja! Sasa nimpigie nimwambie nini? Azizime?"

Dorsey akaliinua gazeti, akasoma amesimama. Shingo yake ikawa nyekundu kuanzia chini kupanda juu. Prentiss Thayer alikuwa mkubwa wa klabu, aliyeshika timu zote za chini. Alikuwa ameeleza kwa masikitiko makubwa.

"Hakuficha," Nadine akasema. "Alikwenda kwa daktari wenu huyu huyu aliyekufunga kifundo juzi. Akachomwa sindano tatu. Mimi ndiye niliyemwendesha nyumbani mara zote tatu, maana hakuweza kushika usukani. Kama kuna mwongo, hayumo humu ndani."

Wilmer akamtazama, kisha akautazama mkono wa Dorsey, ambao hata gazeti ulikuwa unalishika kwa vidole viwili. Akainama akakiinua kiti.

"Tatu?"

"Tatu."

"Washenzi," Wilmer akasema, akaketi.

Yusmary akarudi jikoni, akaongeza unga. Walikula mikate ya mahindi na jibini, watu watano kwenye meza ya watu wawili. Nadine alimpigia simu daktari wa meno, akaambiwa nafasi imejazwa na mpwa wake. Usiku ule wanaume wawili waliobadilishwa mmoja kwa mwenzake walilala sakafuni ubavu kwa ubavu, na wanawake na mtoto wakagawana godoro lenye shimo.

*

Jumapili asubuhi Wilmer na Yusmary waliondoka. Saa nne Dorsey alikuwa ofisini kwa Thayer, na Nadine alikuwa naye, ingawa hakuitwa.

"Mama, haya ni mazungumzo ya kazi," Thayer akasema.

"Ndiyo, ya kazi. Nimekuja kuyasikiliza."

Thayer akatabasamu kama anayemsamehe. Alikuwa na mashati mazuri Thayer, na kumbukumbu nzuri pia. Mwaka juzi wachezaji wa ligi kuu walipogoma, alizunguka timu za chini akiwaomba vijana wavae jezi za waliogoma. Dorsey alimkatalia. Alimkatalia kwa sababu baba yake, fundi wa kiwanda cha matairi na mtu wa chama cha wafanyakazi, angemtoa nje kwa mkanda. Tangu siku hiyo hakuitwa klabu kubwa hata mara moja. Na chama kile cha wachezaji alichokilinda hakikuwa chake: chama ni cha walio juu. Walio chini, kama Dorsey, hawakuwa na chama, hawakuwa na mwakilishi, hawakuwa na mtu wa kumpigia simu. Wenye mali walilijua hilo vizuri sana.

Gus Petrakis alikuwa amesimama dirishani, mikono ndani ya koti jeupe.

"Ni rahisi tu, kijana," Thayer akasema, akasukuma karatasi moja mezani. "Makao makuu wanauliza maswali. Wewe unasaini hapa kwamba hukumweleza mtu yeyote wa klabu hii habari ya kiwiko. Basi. Sisi tunakulipia upasuaji, tunakulipa mshahara hadi Septemba, na mwakani tunakutazama upya. Mtu anaweza kuficha maumivu kwa kupenda mchezo. Watu watakuelewa. Watakupenda, hata."

"Na nisiposaini?"

"Hapo nitakuwa na mrushaji asiyeweza kurusha. Wewe ungemfanya nini?"

Dorsey akaivuta karatasi. Akaisoma polepole, kama alivyolisoma lile tangazo la kizimamoto. Kisha akainua uso.

"Gus. Ulinichoma mara ngapi?"

Nje mtu alikuwa anamwagilia nyasi.

"Gus, nakuuliza kwa adabu."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu, Dorsey," Gus akasema, macho kwenye viatu.

"Gus, kaa kimya," Thayer akasema.

"Nimekaa kimya, bwana."

Dorsey akachukua kalamu. Akageuka. "Nadine?"

Nadine alikuwa ameshapiga hesabu ndani ya gari. Upasuaji ulikuwa unapita mishahara yao ya mwaka mzima. Hawakuwa na kazi, hawakuwa na bima ya kutambia. Alitaka kusema saini. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Mkono ukipona kuna kesho, na karatasi ni karatasi. Na kama Thayer angenyamaza, huenda angelisema.

"Msikilize mke wako," Thayer akasema. "Wanawake wanajua bei ya maziwa."

Nadine akageuka taratibu.

"Najua na bei yako," akasema. "Unataka huyu ajiite mwongo ili wewe ulale. Umemchoma, umemuuza, umerudishiwa, na sasa unataka akushukuru. Mkono ni wake, sitamwamulia. Lakini Dorsey, ukisaini hiyo, atakayefuata atachomwa vivyo hivyo, halafu ataambiwa, mbona Klemm alikubali."

Dorsey akairudisha kalamu mezani, akaiweka sambamba na karatasi, nadhifu, kama mtu anayetandika meza.

"Ninaupenda mchezo," akasema. "Sikuwahi kuuficha mkono."

"Umetemwa," Thayer akasema, tayari anainua simu. "Kuanzia sasa. Mwachie katibu kibandiko cha maegesho."

Na katibu, msichana mwenye msalaba shingoni, aliwafuata hadi kwenye gari na kisu kidogo. Akakibandua kibandiko kile kwenye kioo akiomba radhi kila alipokwangua.

*

Mechi ilianza saa saba mchana. Dorsey alibaki nyumbani amelala chali, amefunika macho. Nadine alimwacha Corinne naye, akaenda uwanjani kwa miguu. Mzee wa lango la kwanza hakuwa amepata habari; alimpungia mkono, akampitisha.

Wake wa wachezaji hukaa pamoja, safu mbili nyuma ya mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji. Walipomwona waliacha kuzungumza. Peg Ostrander, mke wa mdakaji, ambaye wote walimkuta pale na huenda wote wangemwacha pale, akajisogeza kumpa nafasi.

"Pole, mpenzi. Tumesoma gazetini. Kaa."

"Sikai. Gazeti ni la uongo. Dorsey alisema tangu Juni. Gus kamchoma sindano tatu na hakuna hata moja iliyoandikwa. Leo walimtaka asaini kwamba alificha. Amekataa, wamemtema." Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele, lakini haikuwa ya kanisani pia. "Sikuja kuombewa pole. Nimekuja kuuliza. Nani mwingine mumewe anachomwa?"

Wakatazama mbele, uwanjani, kama wanafunzi walioulizwa swali gumu.

"Nadine, wanatuona," Peg akanong'ona.

"Waache waone."

"Rahisi kwako," akasema mmoja, Lorna, mke wa mchezaji wa kushoto. "Wako ameshatemwa. Unataka na wetu?"

"Nataka mwende nyumbani mkawaulize iliandikwa wapi. Basi. Kama imeandikwa, niiteni mwendawazimu, nitaitika."

Mwangalizi wa viti alikuwa anashuka ngazi, kijitochi kiunoni mchana kweupe. Mtu wa ofisini alikuwa amemwonyesha kidole kutoka juu. "Bibie, naomba tiketi yako. Safu hizi ni za familia za wachezaji."

"Alikuwa familia jana," Peg akasema.

"Bibie, tafadhali. Mimi nimetumwa."

"Subiri," Peg akamwambia mwangalizi, kwa sauti ambayo bila shaka aliitumia kwa mbwa wake. Akamgeukia Nadine, akaangusha maneno moja moja. "Bega. Mara mbili. Mwezi Mei."

Mwangalizi akasimama. Lorna akafungua pochi, akaifunga, akaifungua tena.

"Goti," akasema. "Sijui ngapi. Haniambii. Nimeona alama."

Katika kiti cha mwisho alikaa Shelby Tillery, msichana wa miaka ishirini, harusi yao haijamaliza miezi mitatu. Mumewe Royce alikuwa mrushaji aliyepewa nafasi ya Dorsey. Alikuwa ameshika glasi ya karatasi ya soda kwa mikono yote miwili.

"Vitamini ni nini?" akauliza.

"Vitamini gani?"

"Leo asubuhi. Kiwiko kilimvimba usiku, akaenda kwa Dokta Gus. Gus akamchoma, akasema ni vitamini. Royce kasema mkono hauna maumivu kabisa sasa, kasema hausikii hata ukiubana." Akawatazama mmoja mmoja. "Si ni vizuri? Si ni vizuri kutosikia?"

Peg akamshika mkono, akatikisa kichwa. Kipaza sauti kikakohoa, kikatangaza badiliko: anayeingia kurusha, namba arobaini na saba, Royce Tillery. Kijana akatoka mbio kwenye ua ambamo warushaji hupasha misuli moto, mrefu, mwepesi, akikimbilia katikati ya uwanja huku akiuzungusha mkono kama mpya.

Glasi ikamwanguka Shelby. Akampita mwangalizi, akashuka ngazi mbili mbili hadi kwenye wavu, akaushika kwa vidole vyote kumi.

"Royce! Usirushe! Royce, usirushe!"

Watu wa safu za mbele wakageuka, wakamwona binti mdogo mwenye jezi ya mumewe anapiga kelele, wakacheka kwa mapenzi. Mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamwitikia, uwanja mzima ukapiga makofi kumshangilia. Royce akaugusa ukingo wa kofia kumsalimu mkewe, akapanda kwenye kituta cha kurushia, akarusha.